Sheria za Sukari na Sisi Wenye Karai

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tunayachapa kwa faida ya vikundi vyote, vya mjini na vya mashambani.)



Nimeombwa nizungumze juu ya sukari, na nimeonywa nisiwe mrefu kwa sababu kuna wengine hapa ambao unga wao umeshaumuka na karai linawangoja. Nitajaribu.

Hebu tuanze na swali. Nikisema "kiwanda cha chakula", mnafikiria nini? Wengi mtafikiria mabomba ya moshi ya Industrial Area. Mtafikiria kiwanda cha soda pale Embakasi, au peremende zinazotengenezwa Baba Dogo. Hamkukosea. Lakini sasa tujiangalie sisi wenyewe. Kuna kikundi Kayole kinachopika mandazi ya kuuza asubuhi stendi ya matatu. Kuna vijana Dandora wa juisi na barafu. Kuna akina mama Kariobangi wa mabuyu na karanga za sukari, na wengine Umoja na Makadara wa keki za harusi. Ninyi mnachukua unga, mafuta na sukari, mnatoa chakula, mnauza. Hicho nacho ni kiwanda, hata kama bomba lake la moshi ni dirisha la jikoni.

Tofauti ni moja. Sheria ya sukari inamjua yule mwenye bomba refu la moshi. Mwenye karai haimjui kabisa.

Na jambo ninalotaka mrudi nalo nyumbani leo ni hili: sheria za biashara ya sukari zinabadilishwa wakati huu tulio nao. Katika mazungumzo hayo wapo wenye viwanda vya miwa, wapo wakulima, wapo watengenezaji wakubwa wa vyakula na vinywaji, na serikali ipo. Sisi hatupo. Tukiendelea kukosekana, tutaendelea kulipa bei ya juu kuliko wote. Lakini pia tuwe waangalifu, tusije tukaenda kuomba kitu kitakachomuua ndugu yetu aliye kwenye miwa.

Sukari ni ya aina mbili

Kwanza tuelewane juu ya sukari yenyewe. Sukari tunayotia kwenye chai ni ile ya viwanda vyetu vya miwa. Kilimo hiki ni cha zamani. Kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza 1922, kikafuatwa na Ramisi kule Pwani. Baada ya Uhuru serikali ikajenga vingine: Muhoroni, Chemelil, Mumias mwaka 1973, Nzoia mwaka 1978, na South Nyanza pale Awendo mwaka 1979. Sukari yao ina rangi ya kahawia au weupe usiokolea. Kwa chai ni nzuri sana, na kwa mandazi pia.

Lakini mtengenezaji wa soda, wa peremende au wa dawa ya kikohozi anataka sukari nyingine. Anataka ile nyeupe kabisa iliyosafishwa mara ya pili, isiyo na rangi wala harufu. Akitia ya kahawia, soda yake inabadilika rangi. Hii ndiyo huitwa sukari ya viwandani. Viwanda vyetu vingi vya miwa havikujengwa kwa kazi hiyo, na kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiiagiza kutoka nje.

Milango miwili ya bandari

Sasa tuje kwenye sheria. Tangu 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje. Sukari iliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti. Ushuru wake ni asilimia 100 ya thamani yake, au dola 460 kwa tani, kutegemea ni upi mkubwa zaidi. Lengo ni kumkinga mkulima wa miwa asimezwe na sukari ya bei ya chini kutoka mbali.

Watengenezaji wakubwa walilalamika. Walisema, "Hiyo sukari nyeupe haitengenezwi hapa. Mnamkinga nani?" Nao walikuwa na haki. Basi wakafunguliwa mlango wa pili. Mtengenezaji aliyekubaliwa na serikali hupunguziwa ushuru, akalipa asilimia 10 badala ya 100. Majina ya kampuni zilizokubaliwa, kiasi cha sukari na kiwango cha ushuru huchapishwa kwenye Gazeti rasmi la Jumuiya. Sio siri, ila tu hakuna anayetusomea.

Tufanye hesabu, na huu ni mfano tu. Tuseme kilo moja ya sukari imefika Mombasa ikiwa na thamani ya shilingi 70. Ikipita mlango wa kwanza, ushuru ni shilingi 70, jumla 140. Ikipita mlango wa pili, ushuru ni shilingi 7, jumla 77. Tofauti ni shilingi 63 kwa kilo moja. Kodi nyingine zipo, lakini tuziache kwanza tusichanganyikiwe.

Sasa mwenye duka la jumla hapa mtaani ananunua sukari ambayo bei yake imepimwa na mlango wa kwanza. Hata ile ya Muhoroni au Kabras, bei yake hupanda mpaka karibu na ile ya nje, kwa nini auze rahisi? Wewe unanunua kwake. Kwa hiyo kampuni ya peremende inapata sukari ya mlango wa asilimia 10, na mama wa kashata, ambaye naye anatengeneza kitu kitamu cha kuuza watoto wale wale, ananunua kwa bei ya mlango wa asilimia 100. Halafu tunamuuliza kwa nini kashata zake ni ghali.

Mlango unaovuja

Ngojeni, hesabu haijaisha. Tumeona shilingi 63 kwa kilo. Gunia lina kilo 50, kwa hiyo tofauti ni shilingi 3,150 kwa gunia. Lori la magunia 560 linabeba tofauti ya shilingi 1,764,000. Lori moja tu! Mtu akiingiza sukari kwa jina la kiwanda, halafu usiku akaipakia kwenye magunia mengine na kuipeleka dukani, amevuna fedha hiyo bila kupanda hata muwa mmoja. Ndiyo maana mlango wa pili huvuja. Sheria iliyokusudiwa kumsaidia mtengenezaji wa chakula inageuka kuwa njia ya magendo.

Mambo haya tumeyaona. Mwaka 2017 kulikuwa na ukame, na serikali ikaruhusu sukari iingie bila ushuru. Sukari iliyoingia mwaka huo ilifika karibu tani milioni moja, kiasi ambacho kinakaribia kulisha nchi nzima mwaka mzima. Mwaka uliofuata, Juni 2018, polisi walikuwa wakivunja maghala hadi hapa jirani Eastleigh. Waziri mmoja akasema sukari hiyo ina zebaki, mwingine akasema haina. Kamati ya Bunge ikachunguza, na Agosti mwaka huo wabunge wakaikataa ripoti. Sisi wanunuzi tukabaki na vikombe mkononi, hatujui tunywe au tumwage.

Halafu Mei 2023 tukasikia kwamba magunia 20,000 ya sukari iliyoharibika, iliyokuwa imezuiliwa tangu 2018 na ambayo ilipaswa kugeuzwa spiriti ya viwandani, yametolewa ghalani Thika kwa njia isiyoeleweka. Maofisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi. Jiulizeni: sukari kama hiyo ikitoka, inaelekea wapi? Haiendi kwenye kampuni kubwa zenye maabara. Inaelekea kwenye sukari ya kupima kwa kikombe, sukari ya kadogo, mahali ambapo hakuna anayeuliza gunia limetoka wapi. Inaelekea kwenye karai letu.

Ndugu zetu wa Tanzania walijaribu dawa yao. Walimtaka mwenye kiwanda alipe asilimia 25, kisha arudishiwe 15 akionyesha kwamba sukari aliitumia kiwandani kweli. Ni wazo zuri, kama rehani. Lakini wenye viwanda wakalalamika kwamba fedha zao zinakaa serikalini muda mrefu bila kurudi. Kwa hiyo hata dawa ya magendo inaweza kumwumiza mtu mwaminifu. Kutengeneza sheria ni kama kutengeneza chapati. Ukikosa kipimo upande mmoja, upande wa pili nao unaharibika.

Usimsahau aliye shambani

Najua sasa kuna mtu anasema moyoni, "Basi ondoeni ushuru wote, sukari iwe rahisi, tumalize." Jamani, hebu tusikimbilie hapo.

Nani hapa hana mtu Mumias? Nani hana shangazi Awendo, au mjomba Nyando au Bungoma? Mitaa hii ya Eastlands, kuanzia Kaloleni, Makongeni hadi Jericho, ilijaa watu waliotoka makwao kutafuta kazi ya reli na ya jiji, na wengi walisomeshwa kwa fedha ya miwa. Muwa unakaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Mkulima huyo ameshakopa mbolea, amekopa karo, na anangoja. Kiwanda kikishindwa kumlipa, hana pa kwenda.

Mumias ilikuwa kubwa kuliko vyote. Watu walinunua hisa zake mwaka 2001 wakijua wamepata. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni, na Desemba 2021 ikakodishwa kwa kampuni nyingine. Uliza mji wa Mumias ulikuwaje miaka ile ya katikati. Maduka yalifungwa, vijana wakaja huku kwetu kutafuta kibarua. Kwa hiyo kiwanda cha miwa kikianguka, anguko lake linafika mpaka Kayole kwa basi la usiku.

Lakini pia tusidanganyane kwamba ushuru pekee ulimkinga mkulima. Kenya iliingia soko huru la COMESA mwaka 2000. Baadaye ikaomba kinga, kwamba sukari ya nchi wanachama iingie kwa kiasi kilichowekwa tu, mpaka viwanda vyetu vijipange. Tulipewa masharti: punguzeni gharama, pandeni miwa inayokomaa haraka, mlipeni mkulima kwa utamu wa muwa na siyo uzito tu, wekeni viwanda vya serikali mikononi mwa wawekezaji. Kinga hiyo ikaongezwa, ikaongezwa tena, zaidi ya miaka 20. Imefika mwisho Novemba 2025.

Katika miaka hiyo yote mkulima alikuwa anakingwa na sukari ya Misri na Mauritius, lakini nani alimkinga na kutolipwa? Nani alimkinga na meneja mbaya? Mlango ulifungwa mbele, nyumba ikaibiwa kutoka ndani.

Mambo yanayobadilika sasa

Tuyaweke kwa ufupi ili mkayaeleze vikundini.

La kwanza, Sheria mpya ya Sukari ilitiwa sahihi Novemba 2024. Imerudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, ambayo ilikuwa imeunganishwa na mamlaka nyingine ya kilimo tangu sheria ya 2013. Imerudisha pia tozo ya kuendeleza sukari, ya asilimia 4. Tozo hii ilikuwepo tangu 1992, ikafutwa 2016, na mwaka 2025 ikaanza kukusanywa tena. Fedha zake ni za kuendeleza miwa, kutengeneza barabara za mashambani, utafiti na kadhalika. Mjue kwamba ninyi mnaonunua sukari ndio mnaoichangia. Mna haki ya kuuliza imefanya nini.

La pili, Mei 2025 viwanda vinne vya serikali, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na South Nyanza, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30.

La tatu, kinga ya COMESA imekwisha, kama nilivyosema. Sukari ya nchi hizo yenye kutimiza masharti ya asili inaweza kuingia bila ushuru. Ndani yake imo sukari nyeupe iliyosafishwa. Hapo ndipo hesabu ya watengenezaji wa vyakula itabadilika, na ndipo mvutano utakuwa mkali.

La nne, Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa shilingi 5 kwa kila kilo ya sukari inayotoka nje. Mwaka huo huo miwa ilikuwa changa na haba, serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, na bei ya kilo moja ikavuka shilingi 200 katika maduka mengi. Mwaka 2024 miwa ikakomaa, sukari iliyotengenezwa nchini ikapita tani 800,000, na bei ikateremka. Fundisho ni kwamba miwa iliyotunzwa vizuri iliteremsha bei bila mtu kuua mkulima.

Wenzetu wa mbali

Msidhani ugomvi huu ni wa Kenya peke yake. Marekani nao wana kinga ya sukari ya miaka mingi. Serikali yao inaweka kiasi cha sukari kinachoruhusiwa kuingia, ili kuwalinda wakulima wa miwa na wa viazi-sukari. Watengenezaji wa peremende wanalia kwamba sukari yao ni ghali kuliko ya majirani. Mwaka 2002 kampuni ya peremende za Life Savers ilitangaza kufunga kiwanda chake katika mji wa Holland, jimbo la Michigan, na kuhamia Kanada, ambako sukari ni rahisi. Mwaka 2006 Wizara ya Biashara ya Marekani ilikadiria kwamba kwa kila kazi moja iliyolindwa kwenye ukulima na uvunaji wa mazao ya sukari, karibu kazi tatu za kutengeneza peremende zilipotea.

Angalieni kitu kimoja katika hadithi hiyo. Kampuni ya peremende ilikuwa na uwezo wa kuhama nchi. Mama wa mandazi wa Mathare North atahamia wapi? Yeye hawezi kuhamisha karai lake mpaka Kanada. Atapunguza sukari, mandazi yakose ladha, wateja wapungue. Ama atayafanya madogo. Ama atanunua ile sukari ya gunia lisilo na jina. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Nyasi zifanye nini?

Tuchukue kikundi kimoja cha mfano. Kinatumia kilo 10 za sukari kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilo 260. Kilo ikiwa shilingi 150, wanalipa 39,000. Ikifika 200, wanalipa 52,000. Tofauti ni shilingi 13,000 kwa mwezi. Kwa kampuni kubwa hiyo ni fedha ya chai ya ofisini. Kwa kikundi cha watu kumi na wawili, hiyo ndiyo faida yote, na karo ya mtoto imo humo.

Basi nawapa mambo matano.

Moja: nunueni pamoja. Vikundi kumi vya namna hiyo vinatumia kilo 2,600 kwa mwezi. Hayo ni magunia 52. Mtu mwenye hitaji la magunia 52 haendi kuomba kwa muuza duka, muuza jumla humpigia yeye simu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama vikundi vyenu havijasajiliwa chini ya Sheria ya Vikundi vya Jamii ya 2022, fanyeni hivyo kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkitaka kununua kwa wingi zaidi, fikirieni kuunda ushirika.

Mbili: lisomeni gunia. Liwe na jina la kiwanda, tarehe na alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama mnaweza kuihakikisha kwa simu: andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, utume kwa 20023. Angalieni uzi. Gunia lililoshonwa mara mbili lina hadithi yake. Likiandikwa kwamba ni la matumizi ya viwandani, na liko dukani, ulizeni limefikaje hapo. Usiseme, "Mimi nataka rahisi tu." Hiyo rahisi imelipwa na mtu, na pengine aliyelipa ni mkulima, pengine ni tumbo la mtoto.

Tatu: andikeni. Kila kikundi kiwe na daftari la sukari: tarehe, kilo, bei, mahali tuliponunua. Mkienda mbele ya maofisa na maneno matupu watawaambia asanteni kwa kuja. Mkienda na daftari la miezi kumi na miwili, watatafuta kalamu.

Nne: ulizeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua: ni kampuni gani zimepewa punguzo la ushuru wa sukari ya viwandani mwaka huu? Tani ngapi? Nani alikagua kwamba ilitumika kiwandani? Barua moja si uchochezi. Ni haki yenu.

Tano: semeni. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe sheria zinapotungwa. Bunge na wizara hutoa tangazo, na muda wa kupeleka maoni huwa mfupi. Hapa ndipo watengenezaji wakubwa wanatushinda. Wana chama chao, wana wanasheria, maoni yao hufika siku ya kwanza. Ya kwetu hayafiki kabisa. Chagueni watu wawili katika kila mtaa wawe macho ya kikundi.

Tukifika mbele yao, tuseme nini?

Tusiombe sukari ya bure. Tuseme hivi. Punguzo la ushuru kwa sukari ambayo haitengenezwi nchini ni haki, lakini likaguliwe, na orodha ibandikwe mahali watu wanapoiona. Ushirika wa watengenezaji wadogo wanaohitaji sukari nyeupe, kama vile wa peremende na juisi, nao wapewe njia ya kuomba punguzo hilo, badala ya kuachiwa mwenye kiwanda kikubwa peke yake. Kwa sukari ya kawaida, kinga ya mkulima ibaki na kipimo chake, lakini anayekingwa awe mkulima kweli: alipwe kwa wakati, na tozo ya asilimia 4 ionekane kwenye barabara na mbegu. Na sukari iliyokataliwa iharibiwe mbele ya mashahidi, isilale ghalani miaka mitano ikingoja mnunuzi.

Nawaomba vikundi vya mashambani mtakaosoma haya, hasa ninyi wa miwa, mtuandikie. Sisi tunanunua mnachokuza. Wapo watu wanaofaidi tukidhani kwamba ninyi ndio mnaotupandishia bei, na ninyi mkidhani sisi ndio tunaoleta sukari ya nje. Tukikaa meza moja, watu hao watakosa mahali pa kujificha.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakapandisha bei, na kumwuzia maskini hata makapi ya ngano. Karne nyingi zimepita na gunia lenye makapi bado lipo. Lakini Injili ya Luka ina yule mjane ambaye hakuwa na fedha wala wakili. Alirudi kwa hakimu leo, akarudi kesho, mpaka hakimu asiyemcha Mungu akachoka na kumpa haki yake. Mjane huyo alikuwa peke yake. Sisi katika ukumbi huu tu tumezidi mia.

Sasa nendeni mkaangalie unga wenu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kikundi chetu kinatumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Tunanunua wapi, na kwa bei gani?
2. Gunia la mwisho tulilonunua lilikuwa na jina la kiwanda gani? Kama hatujui, kwa nini hatujui?
3. Nani kati yetu ana jamaa anayelima miwa? Alilipwa lini mara ya mwisho?
4. Ni vikundi gani vya jirani tunavyoweza kununua navyo pamoja, kuanzia mwezi ujao?
5. Tukiandika barua moja juu ya sukari, tuiandikie ofisi gani, na tuulize nini kwanza?